Kaniki ya Mpiga Picha

Panya wa duka la picha walikitafuna kitambaa cheusi cha kamera wiki ile ile Donatus alipoambiwa ajiandae kwa safari ya milimani. Chenyewe si kitu cha kumliza mtu. Ni nguo tu ya kujifunika kichwa, mpiga picha anapoinama nyuma ya ile kamera kubwa ya miguu mitatu, ili mwanga wa nje usimharibie anachokiona kwenye kioo. Lakini bila nguo hiyo mpiga picha ni kipofu. Donatus akarudi nyumbani Ibadakuli na uso wa msiba.

Mama yake, Paskazia, alikuwa uani anachambua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Kuna nini tena?"

"Panya, mama. Wamekula nguo ya kamera. Tajiri wangu anasema nitafute nyingine mwenyewe."

"Nguo gani?"

"Yoyote, mradi iwe nyeusi na nzito. Mwanga usipite."

Paskazia alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kaniki yake mpya, ambayo hata kanisani alikuwa hajaivaa. Akaikunja mara mbili, akaishona pindo kwa uzi wa gunia. Alipomaliza akamfunika nayo kijana wake kichwa kizima.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mama."

"Basi hapo hata jua lenyewe litabisha hodi kwanza."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho Paskazia alikuja kukikumbuka baadaye, kikawa kinamchoma kama mwiba uliokatikia nyayoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mhindi mwenye duka la picha pale Shinyanga mjini alitaka kutengeneza kalenda za ukutani, kwa ajili ya Wazungu wa mgodi wa Geita na wengine waliokuwa wakimaliza miaka yao Tanganyika na kurudi kwao. Hao hawakutaka picha za watu. Walitaka milima, misitu na mito. Mwenye duka hakuwa na miguu ya kupanda mlima, basi akamtuma Donatus. Alimwambia picha zikitoka vizuri atamfanya fundi wake mkuu, na zikiharibika asijisumbue kurudi dukani.

"Na mimi nakwenda," Paskazia alisema.

"Mama! Nakwenda kazini, siendi kuposa."

"Kuposa ungekwenda na shangazi yako. Msituni unakwenda na mimi."

Hakuna aliyembishia sana, maana kule magharibi ya Geita ndiko alikozaliwa, Uzinza, na kaka yake Bujiku alikuwa bado anaishi ukingoni mwa msitu. Lakini haja yake hasa ilikuwa nyingine. Watoto wake wawili wa kwanza aliwazika wadogo. Amebaki huyu. Naye Paskazia akiwa binti aliona serikali ikiwahamisha watu wa kijiji chao kizima kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Alimwona shangazi yake akisinzia na tonge mkononi, mpaka siku alipolala asiamke. Mtu aliyeona hayo hamwachi mwanawe wa pekee aende kule peke yake.

Walipanda lori mpaka Geita. Pale wakamchukua mpagazi, mwanamume wa Kisukuma aitwaye Mihayo, aliyekuwa amechoka kuchimba dhahabu ya watu. Mihayo alibeba kamera na miguu yake. Donatus akabeba vyombo na chakula. Sanduku la vioo, vile vioo vyenyewe ambavyo picha hunaswa juu yake, Paskazia alilitia kichwani mwake, akakataa kabisa kumpa mtu mwingine.

"Mayu," Mihayo alimwambia, maana kwa Kisukuma ndivyo mama aitwavyo, "ukianguka nalo?"

"Nikianguka, mimi nitakuwa chini na sanduku juu. Tembea."

Kabla ya kuingia msituni kulikuwa na kizuizi cha mbung'o: mti uliolazwa njiani, kibanda cha dresa wa kupima damu, na mlinzi mmoja mrefu, Nkwabi, mwenye wavu mdogo wa mpini mkononi. Anayeingia huulizwa anaingia na nini. Anayetoka hukaguliwa mwili na mizigo asije akatoka na mbung'o, kisha hutobolewa kidole, damu yake itazamwe kwa darubini.

"Fungua sanduku," Nkwabi alisema.

"Hivi havifunguliwi, bwana," Donatus akajibu kwa adabu. "Ni vioo vya picha. Vikiona mwanga vimekufa."

"Mimi nimeambiwa kila sanduku. Sikuambiwa kila sanduku isipokuwa la kijana wa Shinyanga."

Na kabla Donatus hajasema lingine, bwana yule akachukua pakiti ya juu, akaichana karatasi yake nyeusi, akavitoa vioo juani na kuvigeuza geuza kama mtu anayekagua sahani sokoni.

"Mbona havina kitu?"

"Sasa havitakuwa na kitu milele," Donatus alisema.

Nkwabi akamrudishia. "Mkitoka nitafungua vyote. Mbung'o hujificha hata ndani ya kiberiti."

Neno hilo lilimwingia Donatus, likakaa.

Kwa Bujiku walipokelewa vizuri, wakapewa maji na samaki wa kukaushwa. Lakini Bujiku alipoiona kaniki ikianikwa juu ya kamba, aliacha kutafuna.

"Dada, Shinyanga imekusahaulisha ulikozaliwa? Huku nani anavaa kaniki? Mbung'o na nguo nyeusi ni kama nzi na maziwa."

Paskazia aliitazama kaniki. Alijua. Tangu utotoni alijua, lakini miaka mingi ya kuolewa kwenye nchi ya mbuga, ambako kaniki ni nguo tu kama nguo nyingine, ilikuwa imelifuta neno hilo kichwani. Alikwenda mbio kwenye furushi lake akaleta shuka nyeupe. Donatus akajifunika nayo, akainama nyuma ya kamera, akatoka akitikisa kichwa.

"Ni kama nimekaa ndani ya taa, mama. Sioni kitu."

"Kunja mara nne."

Wakaikunja mara nne. Mwanga ukapita vile vile. Kwa hiyo kaniki ikabaki, na Paskazia akakata tawi lenye majani mengi, akasema popote atakapoinama mwanawe, yeye atasimama nyuma yake kupunga.

Basi wakaingia milimani, na huko ndiko walikojua kwamba picha ya mlima huning'inia kirahisi ukutani kwa sababu mgongo wa mtu mwingine umekwisha kuulipia. Waliondoka alfajiri, umande ukiwalowesha mpaka magotini, wakapanda mawe, wakashuka mabonde, wakavuka mito wakishikana mikono. Donatus hakuridhika haraka. Alikuwa akifika mahali pazuri, miti mikubwa imeinamia maji, mwamba umesimama kama mzee aliyekasirika, naye anasema, "Tungoje jua lizunguke." Wanangoja. Jua likizunguka, wingu linafika. Wanangoja wingu. Wakati mwingine siku nzima ilikwisha kwa picha moja, na wakati mwingine bila picha.

Na kila alipojifunika kaniki, mbung'o walikuja. Walitoka kichakani bila kelele, wakatua juu ya ile nguo nyeusi kama punje za mtama juu ya mkeka. Paskazia akipunga wanaruka, akishusha mkono wanarudi.

"Mayu, waache," Mihayo alikuwa akimtania, huku naye anajipiga shingoni. "Na wao wamekuja kupigwa picha. Wachane nywele tu."

"Wewe cheka. Ukilala usingizi wa mchana nitakuchekea na mimi."

"Mimi usingizi wa mchana nilizaliwa nao. Muulize mke wangu."

Siku ile ya maporomoko ndiyo siku yenyewe. Mto ulikuwa unaanguka kutoka juu ya jabali, povu jeupe kama maziwa yanayochemka, na msitu umeufungia pande zote mbili. Hata Paskazia, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka kuona miti, alisimama akasahau mzigo wake. Donatus aliisimamisha kamera juu ya mawe yenye utelezi, akajifunika, akainama. Alikaa muda mrefu. Paskazia alipunga kwa mkono wa kulia, akahamisha kushoto, akarudisha kulia. Mabega yakawaka moto. Shingo nayo ilikuwa imekakamaa kwa sanduku la njia nzima. Akasema moyoni, nikae kidogo tu. Akakaa juu ya jiwe, tawi mapajani. Hakulala. Alikaa tu, kama mtu yeyote aliyechoka anavyokaa.

Chini ya kaniki Donatus alitoa sauti kama ya mtu aliyechomwa sindano, lakini hakujitikisa, maana angeitingisha kamera. Alipotoka alikuwa anacheka kwa furaha ya picha, huku anajishika kisogoni.

"Mama, hii ndiyo kalenda yenyewe. Hii watainunua mpaka Ulaya."

"Geuka nikuone."

"Ni mdudu tu."

Siku chache mbele pale kisogoni pakavimba. Likawa jipu jekundu, gumu, lisilotaka kuiva. Mihayo akasema ni kamba ya mzigo. Donatus akasema ni kamba ya mzigo. Paskazia alilikanda kwa maji ya moto, akataka naye kuamini ni kamba. Kisha kikaja kichwa kuuma, na homa ya kwenda na kurudi. Wakasema ni malaria, nani asiye na malaria? Akala dawa chungu aliyokuja nayo kutoka mjini, homa ikapungua, ikarudi. Usiku aligaagaa, mchana akajikokota.

"Umekuwaje, mwanangu?"

"Nimechoka tu, mama. Wewe hukuchoka?"

Alikuwa amechoka, tena sana. Wote watatu walikuwa wamechoka mpaka kwenye mifupa. Hapo ndipo penye mtego, enyi mlio na watoto: ugonjwa ule ulivaa nguo za uchovu, ukatembea katikati yao mchana kweupe, wasiutambue.

Picha ya mwisho ilikuwa ya bonde, linaloonekana kutoka juu ya kilima. Donatus akajifunika kaniki. Paskazia akasimama nyuma yake na tawi. Wakangoja. Kivuli cha kamera kikasogea juu ya nyasi, kikaendelea kusogea. Mihayo akajinyoosha.

"Leo anangoja jua gani huyu? La mwaka kesho?"

"Donatus," Paskazia aliita.

Akasogea karibu.

Akaifunua kaniki. Kijana wake alikuwa amesimama, mikono imeshika miguu ya kamera, paji la uso limeegemea kwenye mbao, mdomo wazi kidogo. Amelala. Mbung'o mmoja alikuwa ametulia shavuni mwake, naye hana habari. Paskazia alimuua kwa kiganja, na kofi lile ndilo lililomwamsha mwanawe.

"Nilikuwa naangalia bonde," Donatus alisema.

Mihayo, bila mzaha wowote, akamshikia kamera mpaka picha ikapigwa.

Wakaanza safari ya kurudi. Kabla ya kufika kizuizini, njia inagawanyika. Moja inakwenda moja kwa moja kwa Nkwabi. Nyingine ni njia ya warina asali, inazunguka nyuma ya kilima na kutokea barabara kuu, bila mlinzi, bila wavu, bila sindano ya kidole. Donatus akashika njia ya warina asali.

Paskazia akasimama. "Huko si kwenye kizuizi."

"Najua, mama. Nkwabi atavifungua vyote. Alisema mwenyewe."

"Pale kuna dresa. Akutazame damu."

"Nikifika Shinyanga nitakwenda hospitali. Nakuapia."

"Shinyanga ni mbali."

"Mama!" Hakuwa amewahi kumpigia kelele tangu azaliwe. "Humo sandukuni, hapo kichwani pako, kuna maisha yangu. Yale maporomoko, lile bonde, yote yamo humo. Nirudi mikono mitupu niseme nini? Kwamba mlinzi alitaka kuona kama kuna nzi?"

"Mihayo," Paskazia akamgeukia mpagazi, "wewe unasemaje?"

Mihayo alitazama chini. "Mayu, mimi nimebeba miguu ya kamera tu. Lakini kama angekuwa mdogo wangu..."

Donatus alikuwa ameketi kando ya njia. Walidhani ameketi kwa hasira. Alikuwa bado anasema, "vioo vile mama, vioo vile," na katikati ya neno kidevu chake kikashuka kifuani. Akalala pale pale, juani, katikati ya mabishano yaliyobeba kazi yake yote.

Paskazia alimtazama. Akamwona shangazi yake na tonge mkononi.

Alilitua sanduku. Akapiga magoti, akafungua kifuniko, akachukua pakiti ya kwanza, akaichana ile karatasi nyeusi. Akavitoa vioo kimoja kimoja, akavilaza juu ya nyasi, uso juu, jua la mchana likaviangukia. Pakiti ya pili. Ya tatu. Hakuwa anajua kipi ni maporomoko na kipi ni bonde, vyote vilikuwa na rangi moja ya kijivu cha maziwa. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini kwa namna ya kuchoka, kama jasho, wala hakuyafuta.

Mihayo alikuwa amevua kofia.

Sauti ya karatasi ndiyo iliyomwamsha Donatus. Alitazama vioo vimetapakaa majanini, akamtazama mama yake. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Umeniua, mama," alisema polepole.

"Ndiyo," Paskazia akajibu. "Sasa huna cha kuficha. Inuka twende kwa dresa."

Akainuka. Hakuwa na sababu nyingine ya kuzunguka kilima, wala nguvu. Mama yake alivikusanya vioo, akavirudisha sandukuni bila karatasi, akajitwika, wakaenda.

Kizuizini Nkwabi aliwapitisha kwenye banda, akapita na wavu wake mgongoni mwao, na kwenye mikunjo ya kaniki akanasa mbung'o wawili. Kisha Paskazia akalitua sanduku mbele yake na kulifungua. Nkwabi aliangalia ndani mara moja, akaligonga ubavuni kwa kidole, akalisukuma kando.

"Haya, kwa dresa."

Ndivyo tu. Hata hakugusa kioo kimoja. Donatus aliliona hilo, na Paskazia aliona kwamba ameliona.

Dresa alimtoboa Donatus kidole, akainamia darubini yake. Alikaa kwa muda. Akaita, "Nani ndugu wa huyu?" Paskazia akajua kabla hajaambiwa.

"Ni mimi mama yake."

"Mama, wadudu wamo. Ila wako bado kwenye damu, nadhani hawajapanda kichwani. Mngechelewa..." Akaandika kikaratasi, akatuma mtu akasimamishe lori.

Donatus alilazwa hospitalini miezi mingi, akichomwa sindano ambazo baada yake alilia kama mtoto. Mihayo alikuja kumwona akiwa na kuku mkononi, akaketi naye siku nzima akimsimulia uongo wa machimboni, kisha akarudi Geita. Paskazia alipika uani kwa wagonjwa, akalala barazani. Kwa wiki nyingi mwanawe alipokea uji mkononi mwake bila kumtazama. Alipona. Dukani hakurudi, kwa maana hakuwa na picha ya kurudi nayo, na aliyechukua nafasi yake alikuwa amekwisha kuzoea. Alianza kulima pamba pale pale Ibadakuli, akaoa mke anayeitwa Mbuke, akapata watoto.

Vile vioo vilikaa sandukuni mpaka masika mawili yakapita. Siku moja Donatus mwenyewe alivitoa, akaviosha kwa maji ya moto na mchanga mpaka ile rangi ya kijivu ikatoka, akatengeneza fremu ya mbao, akavipachika kwenye dirisha la chumba cha mama yake. Kupitia dirisha hilo huonekana mbuga, mbuyu mmoja wa mbali na ng'ombe wa jirani. Mlima hakuna, mto hakuna. Kaniki ile Paskazia aliichoma.

Ila desturi moja ilibaki katika nyumba ile, na wajukuu wake wanaijua vizuri. Mtu haruhusiwi kusema amechoka akaishia hapo.

Juzi tu, mchana, Donatus aliingia kutoka shambani, akajitupa kwenye kigoda chini ya dirisha, akafumba macho. Paskazia, macho yamekwisha kupungua nuru, aliuacha ungo wake.

"Donatus!"

"Mama, nimechoka tu."

"Umechoka nini?"

"Nimepalilia tangu alfajiri, upande wote wa mbuyuni."

"Kisogo je?"

Donatus, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akageuka na kuinamisha kichwa, kama alivyofanya mara nyingi. Mama yake akapapasa kisogo chake kwa vidole, polepole, kutoka sikio hadi sikio, asione uvimbe.

"Haya," akasema. "Lala sasa."

Naye akabaki pale pale karibu yake, akimpungia nzi kwa upindo wa khanga, mpaka mwanawe alipoamka.